Kununua Sehemu ya Ndege Marekani: Hatua za Kisheria Kabla na Baada ya Kuweka Sahihi

Nilikaa meza moja huko Columbus, Ohio, na mzee mmoja mwenye kampuni ya malori, mzaliwa wa Moshi, aliyeamua kununua sehemu moja ya kumi na sita ya jeti ndogo. Kabrasha lilikuwa nene kama tofali. Alishaweka sahihi kurasa nyingi, akaufikia ukurasa mmoja mfupi uliosimama peke yake.

"Mwanangu, na huu nao nisaini tu tuondoke?"

"Hapana baba, huu tuusome pamoja, neno kwa neno."

Ukurasa ule ulikuwa unamwambia mambo matatu. Kwamba kwa safari zake yeye ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kanuni zote za anga zinafuatwa. Kwamba serikali inaweza kumchukulia hatua yeye mwenyewe zikivunjwa. Kwamba mtu akiumia au mali ikiharibika, anaweza kujikuta anadaiwa fedha nyingi. Mzee akavua miwani, akaniangalia. "Yaani mimi abiria, halafu mimi ndiye mwenye safari?"

Ndiyo, baba. Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya swali lile. Ni kwa ndugu zetu wenye biashara Marekani wanaofikiria kununua, na kwa vijana wetu marubani, mafundi na wapanga safari walioajiriwa kwenye kampuni hizi, ambao mara nyingi ndio huulizwa kwanza.

Chimbuko lenyewe ni hili. Mwaka 1986 Richard Santulli alianzisha mpango ulioitwa NetJets: watu kadhaa wanamiliki ndege moja, kampuni inawaendeshea, na kila mmoja anaweza kutumia ndege nyingine za kundi lile pale yake inapokuwa na kazi. Berkshire Hathaway ya Warren Buffett iliinunua kampuni hiyo mwaka 1998. Miaka yote hiyo ndege hizi ziliruka chini ya kanuni za kawaida za ndege binafsi, na wenye kampuni za kukodisha wakalalamika kwamba huku ni kukodisha kwa jina jingine. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliita kamati ya pande zote mwaka 1999, na Septemba 2003 ikatoa sura mpya ndani ya Sehemu ya 91 ya kanuni zake: fungu K. Watu wa kazi huiita 91K.

Hatua ya 1: Jua safari yako iko chini ya kanuni ipi

Kuna milango mitatu, na ndege ile ile, na marubani wale wale, wanaweza kupita mlango mmoja asubuhi na mwingine jioni.

Mlango wa kwanza ni Sehemu ya 91 ya kawaida: ndege yako, safari yako, gharama yako. Wa pili ni 91K. Wa tatu ni Sehemu ya 135, yaani ndege ya kukodi. Hapo kampuni ina cheti cha kubeba watu kwa malipo, udhibiti wa safari ni wake, na wewe ni abiria tu. Wanaonunua kadi ya saa, yaani saa za kuruka zilizolipiwa mapema, bila kumiliki chochote wako mlango wa tatu, hata kama ndege ina rangi na nembo ile ile ya majirani zao wenye sehemu.

FAA ikitaka kujua kama mtu anafanya biashara ya usafiri wa umma inatazama mambo manne: je, amejitangaza kuwa yuko tayari kubeba watu, ni watu au mizigo, kutoka mahali fulani kwenda pengine, na je, kuna malipo? Kujitangaza hakuhitaji bango. Jina kuenea kwamba "fulani ana ndege, mpe pesa atakupeleka" linatosha. Na malipo si noti peke yake; fadhila yenye thamani ya kibiashara nayo inaweza kuhesabiwa.

Wapenda mpira mnamkumbuka mchezaji Emiliano Sala. Tarehe 21 Januari 2019 alipanda Piper Malibu ya injini moja kutoka Nantes kwenda Cardiff, ndege iliyosajiliwa Marekani. Rubani alikuwa na leseni ya kuruka binafsi. Hakuruhusiwa kubeba abiria wa malipo. Ndege ilianguka baharini karibu na Guernsey, wote wawili wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walikuta pia sumu ya gesi ya kaboni monoksaidi iliyokuwa imeingia ndani ya ndege. Aliyepanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwezi Novemba 2021. Ninalirudia jambo hili kila ninapoelezea milango mitatu, kwa sababu kijana yule hakuwa na namna ya kujua kwamba amepita mlango usio wake. Uliza kabla ya kupanda: safari hii ni ya kanuni ipi, na nani ana udhibiti wake? Mwenye cheti halali hakasirikii swali hilo.

Hatua ya 2: Hesabu saa

Kanuni imeweka kiwango cha chini: sehemu moja ya kumi na sita kwa ndege ya mabawa, moja ya thelathini na mbili kwa helikopta. Hakuna anayeruhusiwa kukuuzia au kukukodisha pungufu ya hapo ndani ya programu ya 91K. Ukiletewa "sehemu moja ya arobaini ya jeti", hicho ni kitu kingine, na kiulize jina lake la kweli.

Kwa desturi ya soko, sehemu moja ya kumi na sita ni kama saa 50 za kuruka kwa mwaka. Kanuni inasema saa utakazotumia katika muda wote wa mkataba zisizidi jumla ya saa za sehemu yako. Mkataba wa miaka mitano wa saa 50 ni saa 250. Mkataba wako ukiruhusu, mwaka huu unaweza kutumia 65 na mwakani 35, ila mwisho wa miaka mitano jumla isivuke 250. Angalia pia kama saa za kuileta ndege tupu hadi ulipo unatozwa au hutozwi. Hilo ni la mkataba, na tofauti yake mwisho wa mwaka huonekana.

Hatua ya 3: Ipime programu yenyewe

Fungu K linatambua programu pale tu vitu sita vinapokutana: meneja mmoja anayesimamia kwa niaba ya wamiliki, ndege zisizopungua mbili zinazofaa kuruka, mmiliki mmoja au zaidi kwa kila ndege, na angalau ndege moja yenye zaidi ya mmiliki mmoja, kila mmiliki kuwa na kiwango kile cha chini, mpango wa kubadilishana ndege kwa kukodishana ndege tupu, bila marubani, na mikataba ya miaka kadhaa inayofunga umiliki, usimamizi na ubadilishanaji. Kimoja kikikosekana, fungu K halikuhusu.

Halafu omba kuona hati ya masharti ya usimamizi ambayo FAA humpa meneja. Humo zimeandikwa ndege zilizomo na ruhusa alizopewa. Bila hati hiyo hawezi kuendesha programu ya 91K, maelezo yawe mazuri namna gani.

Hatua ya 4: Jina gani liandikwe kwenye usajili

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unachonunua si hisa ya kampuni. Ni umiliki wa ndege yenyewe, yenye namba yake ya kiwandani na namba ya usajili inayoanza na herufi N, na jina lako linaingia kwenye daftari la FAA kule Oklahoma City. Ili ndege isajiliwe Marekani, wamiliki wake wote wanapaswa kustahili. Raia anastahili. Mwenye kadi ya kijani, mkazi wa kudumu, naye anastahili kwa jina lake binafsi. Kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa rais wake ni raia, angalau theluthi mbili ya wakurugenzi na maofisa wakuu ni raia, na angalau asilimia 75 ya kura zimo mikononi mwa raia, tena udhibiti wenyewe uwe wao.

Sasa tazama. Ndugu wawili Wakenya wana kampuni Texas. Mmoja ana uraia wa Marekani, mwingine ana kadi ya kijani, na wamegawana nusu kwa nusu. Kila mmoja angestahili kusajili kwa jina lake. Kampuni yao, kwa kigezo cha asilimia 75, haimo. Kadi ya kijani ya ndugu wa pili haihesabiwi kama uraia ndani ya kampuni. Hili huwashangaza watu kila mara. Njia iliyozoeleka ni amana, ambapo mdhamini anayestahili anashika umiliki kwa niaba yao, na FAA inapitia hati hizo kwa makini. Kuna pia njia ya kampuni isiyo raia ila imesajiliwa kisheria Marekani, kwa sharti kwamba asilimia 60 ya saa za ndege ziwe ndani ya Marekani; kwa ndege ya wengi, sharti hilo ni gumu kulisimamia ukiwa mmiliki mmoja. Tafuta wakili wa anga. Wakili aliyekusaidia kununua nyumba ana utaalamu wake, na huu si wake.

Hatua ya 5: Soma mikataba kwa maswali, si kwa mfuatano

Kwa kawaida utaletewa minne: wa ununuzi, wa umiliki wa pamoja, wa usimamizi, na wa kubadilishana ndege. Ukiisoma kwa mfuatano utasinzia ukurasa wa kumi. Isome ukitafuta majibu.

Je, nina haki ya kukagua? Kanuni inalazimisha mkataba wa usimamizi ukupe haki ya kukagua, wewe au mtu utakayemteua, kumbukumbu za meneja zinazohusu usalama na zinazoonyesha kwamba kanuni zinafuatwa. Inalazimisha pia mkataba utambue haki ya FAA kuwasiliana nawe moja kwa moja. Vitie alama vifungu hivyo viwili.

Je, ndege ya programu ikikosekana nitaletewa nini? Meneja wengi huwa na njia ya kukuletea ndege ya Sehemu ya 135, yake au ya kampuni nyingine. Hapo umehama mlango. Udhibiti unatoka kwako, na kodi inabadilika: tangu sheria ya mwaka 2012, safari za programu za umiliki wa sehemu hulipa ushuru wa ziada wa senti 14.1 kwa galoni ya mafuta, wakati ndege ya kukodi ina kodi ya asilimia 7.5 ya nauli. Mkataba useme kwamba utaarifiwa kabla ya safari, na utaambiwa cheti ni cha nani.

Swali la cheti ni la nani lina historia yake. Tarehe 2 Februari 2005 jeti aina ya Challenger ilishindwa kuinuka kwenye uwanja wa Teterboro, New Jersey. Ilitoka nje ya njia ya kurukia, ikakatiza barabara ya magari na kugonga ghala ng'ambo. Uzito wake ulikuwa umeelemea mbele kupita kiwango, na marubani hawakuhakikisha. Wachunguzi walipofuatilia walikuta kampuni iliyokuwa ikiendesha haikuwa na cheti chake yenyewe; ilikuwa ikiruka kwa cheti cha kampuni nyingine isiyoisimamia ipasavyo. Watu wote 11 waliokuwa ndani walinusurika, baadhi wakiwa na majeraha mabaya.

Je, nikitaka kutoka? Nani anapima thamani, ada gani inakatwa, na notisi ni ya muda gani? Andika majibu kwa mkono wako pembeni.

Hatua ya 6: Ukurasa wa kukiri udhibiti wa safari

Turudi kwa mzee na miwani yake.

Kwa kanuni za Marekani, udhibiti wa safari ni mamlaka ya kuianzisha, kuiendesha na kuikatisha. Chini ya 91K mmiliki anao pale mambo matatu yanapokutana: ana haki hiyo kwa mkataba, ameagiza ndege ibebe watu au mizigo aliyoitaja, na ndege inawabeba kweli. Ndege ikiwa tupu inafuata abiria, ikienda gereji, au ikifundishia marubani, udhibiti si wako.

Jambo ambalo mzee hakulitarajia ni kwamba ndege itakayokuja kumchukua mara nyingi haitakuwa ile yenye jina lake. Itakuwa ya wamiliki wengine ndani ya programu. Udhibiti wa safari ile bado ni wake. Na ile yenye jina lake, ikiwa imebeba familia ya mtu mwingine kwenda Florida, udhibiti ni wa mtu huyo.

Kanuni inakuruhusu kumwachia meneja kazi zote za kila siku na kutegemea ushauri wake. Kukagua hali ya hewa, kupanga mafuta, kuchagua marubani: hayo hayafanywi na wewe. Wajibu wenyewe ndio hauhami. Ndiyo maana meneja anatakiwa akae nawe akueleze haya unapoweka sahihi mkataba wa kwanza, na tena kila unapouongeza au kuuhuisha, nawe ukiri kwa maandishi kwamba umeelezwa.

Nimewahi kuona maelezo haya yakifanywa kwa dakika tatu, mtu amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Usikubali. Omba saa nzima. Waambie wamlete mtu wa usalama, asije muuzaji peke yake. Kama Kiingereza cha sheria kinakupiga chenga, njoo na mtu wa kukufasiria. Hakuna aibu, na sahihi yako ina uzito ule ule uwe umeelewa au hukuelewa. Nakala yako iweke pamoja na hati za nyumba na wosia.

Mzee yule aliomba siku tatu. Akarudi na maswali kumi na moja yaliyoandikwa nyuma ya risiti ya dizeli, na mengi yalihusu bima: kiwango chake, nani ametajwa ndani yake, na kama inaendelea kulinda pale mmiliki anapovunja sharti bila kujua. Hayo ndiyo maswali.

Hatua ya 7: Unaowabeba na pesa zao

Unaweza kubeba familia, rafiki, wafanyakazi, wateja. Huwezi kuwatoza nauli. Kanuni inamkataza mmiliki wa sehemu kubeba watu au mizigo kwa malipo, isipokuwa kwa njia chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa kumbeba mgombea wa uchaguzi kwa masharti yake.

Njia inayotumika zaidi ni makubaliano ya kugawana muda: unampa mtu ndege pamoja na marubani, unamtoza vitu vilivyoorodheshwa tu. Navyo ni mafuta na vilainishi; gharama za marubani za kula, kulala na usafiri; maegesho ya ndege nje ya kituo chake; bima ya safari ile mahususi; ada za kutua na kodi za uwanja; forodha na vibali vya nje; chakula cha ndani ya ndege; usafiri wa ardhini wa abiria; na huduma za kupanga safari na hali ya hewa. Juu ya hapo unaweza kuongeza kiasi kingine kisichozidi gharama hiyo hiyo ya mafuta. Mafuta yakiwa dola 2,000 na vingine dola 600, kikomo chako ni dola 4,600. Ada yako ya kila mwezi kwa meneja haimo, bei uliyonunulia haimo. Ukizigusa hizo, umekuwa kampuni ya ndege isiyo na cheti. Tena mkataba wako na meneja unaweza kukataza hata hili ambalo kanuni inaruhusu, kwa hiyo angalia kwanza huko.

Majaribu yetu yanajulikana. Kuna msiba Minnesota, watu sita wanataka kuwahi, na kundi la WhatsApp linaanza kuchanga "mafuta ya ndege ya mzee". Nia ni njema kabisa. Lakini mchango ule ukimfikia mmiliki bila makubaliano ya maandishi ni malipo ya usafiri, na ajali ikitokea kampuni ya bima itausoma ujumbe ule mmoja baada ya mwingine. Kama unataka kuwasaidia wafiwa, wabebe bure.

Hatua ya 8: Marubani na njia ya kurukia

91K ilikuja na masharti makali kuliko ndege binafsi ya kawaida, na haya ndiyo unayoyalipia. Marubani wasiopungua wawili. Rubani mkuu awe na angalau saa 1,500 za kuruka, na kwa jeti ya injini mbili leseni ya daraja la juu kabisa, ile ya marubani wa mashirika. Msaidizi wake saa 500 na leseni ya biashara. Historia yao ya kazi ichunguzwe kabla ya kuajiriwa.

Kwa marubani wawili, kwa kawaida zamu ni saa 14 na kuruka saa 10, baada ya mapumziko ya saa 10. Yapo marefusho machache, na yakitumika mapumziko yanayofuata yanaongezeka. Kwa mwaka rubani hazidishi saa 1,400. Hapa naomba nizungumze nawe kama ndugu. Kikao chako kikichelewa saa nne na rubani akakwambia "leo hatuwezi kurudi", usimbembeleze, usimpigie meneja wake, usitaje kiasi unacholipa. Udhibiti wa safari ni wako, kumbuka. Unayemsukuma aruke amechoka anaruka kwa jukumu lako. Lala hoteli.

Jeti kubwa za programu zinapopangiwa uwanja wa kutua, lazima ziweze kusimama kabisa ndani ya asilimia 60 ya urefu unaotumika wa njia. Njia ya mita 2,000 ina maana ndege ihesabiwe kusimama ndani ya mita 1,200. FAA ikiidhinisha mpango maalum wa meneja wa kuchambua viwanja, inaweza kufika asilimia 80, yaani mita 1,600. Kwa hiyo unapoambiwa uwanja mdogo ulio karibu na shamba lako haufai, ingawa jirani yako hutua pale na jeti yake binafsi, elewa kwamba yeye habanwi na hesabu hiyo.

Hatua ya 9: Ukivuka mipaka

Kile ambacho Marekani inakiita safari ya binafsi, nchi nyingine inaweza kukiita ya biashara kwa kuona meneja, ada na wamiliki wengi. Ukitaka kwenda Nairobi, Zanzibar au Kilimanjaro, meneja awaulize KCAA na TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, mapema, akieleza wazi muundo wa umiliki, na kibali kiwe mkononi kabla hujawaahidi watu wa nyumbani. Usibebe watu kutoka mji mmoja wa nchi hiyo kwenda mwingine kwa malipo hata kidogo; haki ya usafiri wa ndani kila nchi imejiwekea kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga.

Hatua ya 10: Kama umeamua kuwa na ndege nzima

Wapo watakaopiga hesabu na kuona saa zao ni nyingi, bora ndege nzima, peke yao au na mwenzao. Hapo unatoka 91K na kurudi Sehemu ya 91 ya kawaida, na kuna mitego miwili.

Wa kwanza: wakili wa kodi anakushauri ufungue kampuni ndogo ya kumiliki ndege tu, halafu kampuni zako nyingine ziilipe kwa kila safari. Inaonekana safi kwenye vitabu. Kwa FAA, kampuni ambayo biashara yake pekee ni kubeba wengine kwa malipo ni mwendeshaji wa biashara, na inahitaji cheti, hata kama wote ni wewe. Kinachokubalika ni kampuni ile kuwakodisha wenzake ndege tupu, na kila kampuni yenye shughuli za kweli iendeshe safari zake ikiwa na marubani iliowaajiri yenyewe.

Wa pili ni mkataba wa kukodisha ndege yenye uzito wa kuruka zaidi ya paundi 12,500, karibu kilo 5,670. Kanuni inataka aya ya mwisho, juu tu ya mahali pa sahihi, kwa herufi kubwa, iseme ndege ilitunzwa kwa kanuni ipi miezi 12 iliyopita na nani ana udhibiti wa safari, jina lake, anwani na sahihi yake. Nakala ipelekwe Oklahoma City ndani ya saa 24, ofisi ya FAA ya eneo iarifiwe angalau saa 48 kabla ya safari ya kwanza, na nakala nyingine ikae ndani ya ndege. Ukiletewa mkataba wa ndege kama hiyo usio na aya ile, rudisha.

Na kwa rubani kijana mwenye leseni ya binafsi anayetaka kuruka na rafiki zake: mnaweza kugawana mafuta, oili, gharama za uwanja na kodi ya ndege, wewe ukilipa si chini ya fungu lako. Wanne kwa dola 400, toa 100 yako mfukoni kwanza.

Kila mwaka, tumia haki ya ukaguzi

Wamiliki wachache huitumia. Ajiri mkaguzi wa kujitegemea kwa siku mbili, pengine mkichangia wamiliki watatu. Atazame kumbukumbu za mafunzo ya marubani, zamu zao, taarifa za hitilafu, na jinsi meneja anavyoshughulikia taarifa za siri za usalama kutoka kwa wafanyakazi wake, kwa maana kanuni inamtaka awe na utaratibu huo. Mpe mkaguzi namba za safari zako tano na umwombe afuatilie kila moja kuanzia simu uliyopiga mpaka ndege ilipozimwa.

Mzee wa Moshi alifanya hivyo mwaka wake wa pili. Mkaguzi alikuta safari moja ambayo zamu ya rubani ilikuwa imeandikwa kuanzia alipofika uwanjani, ilhali alishakuwa kazini kwa simu tangu alfajiri. Meneja alirekebisha namna ya kuandika zamu kwa marubani wote. Ripoti ile ina kurasa nane, na mzee ameihifadhi kwenye bahasha moja na ule ukurasa wake wa kukiri.